Ulimi Haumezeki

Semina za huduma ya kwanza kwa walimu wa michezo wa sekondari zina swali lake la kudumu. Mkufunzi anaweza kuzungumza asubuhi nzima kuhusu moyo, joto na majeraha ya kichwa, lakini muda wa maswali ukifika, la kwanza ni lile lile: mchezaji akianguka na kukakamaa, tumtie nini mdomoni asimeze ulimi? Wa pili anauliza kama kijiko ni bora kuliko kijiti. Wa tatu anataka kujua kijiko hicho kiviringishwe kitambaa au kiende kikavu. Jibu kwao wote ni moja: msitie kitu. Ulimi haumezeki, na timu inayokwenda kwenye mashindano ya sekondari ya UMISSETA na kijiko cha kazi hiyo kwenye mkoba wa huduma ya kwanza imebeba kifaa cha kupotezea dakika ambazo mchezaji hana.

Simama mbele ya kioo, panua kinywa, inua ulimi. Umeshikizwa kwa misuli kwenye sakafu ya kinywa na kwenye mfupa wa taya, na hauna namna ya kung'oka huko ukateremka kooni. Kilicho kweli ni kidogo tu, na ndicho kilichozaa uvumi wote: mtu aliyepoteza fahamu akilala chali, misuli hulegea na ulimi unaweza kurudi nyuma ukabana njia ya hewa. Tiba yake haihitaji kifaa. Laza kichwa nyuma kidogo, nyanyua kidevu kwa vidole viwili, na ulimi unafuata taya. Au, kama anapumua vizuri, mgeuze alale ubavu. Vidole vyako havina kazi mdomoni. Taya za mtu anayekakamaa hubana kwa nguvu za kukata kidole. Kijiko huvunja meno, na jino lililovunjika huweza kuingia kwenye njia ya hewa, yaani umetengeneza kwa mkono wako hatari uliyokuwa unaikimbia. Lakini meno ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba wakati watu watatu wanapigana na taya, hakuna anayetazama kama moyo unapiga.

Hapa ndipo walimu wengi wanapopotea, na siwalaumu kwa kutojua, nawalaumu kwa kuambiwa na kusahau. Mwanamichezo kijana anapoanguka ghafla bila kuguswa na mtu, jambo la kwanza la kufikiria ni kwamba moyo wake umesimama. Moyo ukisimama, ubongo unakosa damu, na ubongo uliokosa damu hurusha mikono na miguu kwa muda mfupi kama mtu mwenye kifafa. Macho huweza kubaki wazi. Kifua huweza kutoa mikoromo ya hapa na pale, kama ya samaki aliyetolewa majini, na watu pembeni wanasema, “Bado anapumua.” Hapumui. Mikoromo ile ni dalili ya moyo uliosimama, na kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa mashine inapunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Madaktari wa moyo waliowahi kukusanya video za wanamichezo walioanguka viwanjani na kuzitazama tena na tena walikuta jambo la kusikitisha: waliokimbilia kusaidia walikuwa wepesi kuhangaika na mdomo, na wazito kugusa kifua. Na hao walikuwa wachezaji na waamuzi wa ligi kubwa, wenye kamera juu ya vichwa vyao.

Najua kinachofuata. “Mbona Christian Eriksen alitolewa ulimi na akapona?” Tarehe 12 Juni 2021, Denmark ikicheza na Finland mjini Copenhagen, mchezaji wake Eriksen alianguka, na simulizi iliyosambaa mitaani ni ya nahodha Simon Kjær na ulimi. Sikilizeni alichoeleza daktari wa timu, Morten Boesen: alipofika alimkuta mchezaji kalala ubavu, anapumua, mapigo yanasikika, ghafla hali ikabadilika, wakaanza kukandamiza kifua, na mshtuko mmoja wa mashine ukamrudisha. Kilichomwokoa ni mikono juu ya kifua na mashine iliyokuwa karibu. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka kwenye uwanja wa Tottenham tarehe 17 Machi 2012, na moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Ubongo wake haukuharibika kwa sababu muda huo watu walikuwa wakiupelekea damu kwa kukandamiza kifua bila kuchoka, huku mashine ikimshtua mara nyingi. Anayetaka kuiga Ulaya aige hilo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: je, kama ni kifafa kweli, nami nikamkandamiza kifua mtoto ambaye moyo wake unapiga? Ni swali la haki. Mwite kwa sauti, mtikise mabega, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi kumi. Haitiki na hapumui kama kawaida: kandamiza. Kama ulikosea na moyo ulikuwa unapiga, atakusukuma au atalalamika, na madhara makubwa kwa kifua cha kijana ni nadra. Ukikosea upande wa pili, ukamhesabu kuwa na kifafa kumbe moyo umesimama, hakuna marekebisho. Na kifafa chenyewe, kinachodumu dakika moja au mbili mtu akiwa na mapigo na kisha akaendelea kuhema, hakitaki zaidi ya nafasi, jezi iliyokunjwa chini ya kichwa, saa ya kuhesabu muda, na kumlaza ubavu kikishatulia. Kikipita dakika tano, hospitali. Hakitaki kunusishwa kitunguu, soksi, kiatu wala kiberiti kilichozimwa, wala kumwagiwa maji usoni. Kifafa hukoma chenyewe, na kiatu kilichokuwa puani wakati huo ndicho kinachopewa sifa. Ndivyo dawa nyingi za uongo zilivyojipatia jina.

Wengine wananijibu kwamba yote haya ni ya nchi zenye mashine, na shule ya kata haina hata plasta. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Circulation ulitazama shule za sekondari 1,710 za Marekani zenye mashine ya kushtua moyo. Matukio ya moyo kusimama yalikuwa 36, na watu 23 walitoka hospitali wakiwa hai. Bila mashine hatutafikia kiwango hicho, na asiseme mtu kwamba mikono peke yake inatosha. Lakini mikono ndiyo inayomweka mtu katika hali ya kuokolewa hadi mashine au gari lifike, na mikono haiagizwi bandarini. Kiwanja cha mpira kina wachezaji 22 wenye afya wa kupokezana. Tena katika wale 36, wanafunzi wanamichezo walikuwa 14 tu. Waliobaki walikuwa watu wazima, wakiwemo walimu na watazamaji, kwa hiyo mwalimu anayefundishwa peke yake anaweza kuwa ndiye atakayelala chini huku wanafunzi wakitazamana. Wafundisheni nao. Na wanaosema dawa ni kuwapima wote moyo kabla ya msimu, Italia imefanya hivyo kwa sheria tangu mwaka 1982 na faida ipo. Hata hivyo Marc-Vivien Foé, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa ametoka kumaliza msimu Uingereza, alifia Lyon Juni 2003 akiichezea Cameroon, na uchunguzi wa maiti ukakuta misuli ya moyo iliyonenepa. Kipimo hupitwa na baadhi ya magonjwa, na hakina la kusema kabisa juu ya mpira unaopiga kifua kizima kwa wakati mbaya na kuusimamisha moyo usio na ugonjwa wowote.

Basi haraka haraka, kwa sababu nafasi yangu imeisha na ulimi ndio ulioila. Kukandamiza: kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiachwe kirudi juu kila mara, mbadilishane kila dakika mbili. Msimbebe kwenye kiti cha bajaji huku mikono imesimama; kandamizeni hapo hapo hadi lije gari lenye sakafu ya kumlaza. Aliyeanguka kwa joto, anayeropoka au kuyumba: kivuli, mmwagieni maji mengi mwilini, barafu kama ipo, apoe kwanza ndipo asafirishwe. Aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili yoyote: anatoka na harudi siku hiyo, hata akijibu sawasawa mnamuonyesha vidole vingapi. Anayelalamika shingo: asinyanyuliwe mikono na miguu kama gunia. Radi ikisikika: wote ndani ya jengo, si chini ya mwembe, na mchezo urudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Magoli ya kuhamishika yafungwe chini.

Kabla ya mechi ya kwanza ya muhula, amueni kwa majina nani anakandamiza, nani anapiga simu, nani ana ufunguo wa geti, gari la nani litatumika na namba ya kituo cha afya kilicho karibu iko kwenye simu ya nani. Kisha mfanye zoezi, dakika kumi, kwenye kiwanja chenyewe na si darasani, mtu mmoja akijiangusha bila kuwatangazia wengine, na mwenye saa ahesabu sekunde hadi mkono wa kwanza uguse kifua.