Mtutu Wenye Ufa Hauchomelewi

Shotigani kuukuu ya mitutu miwili huharibika kitako, mtambo wa kufyatulia au mtutu. Kitako na springi si kazi ngumu kwa fundi wa silaha. Tatizo ni mtutu, na swali la wakulima wa wilaya za Kasulu na Kibondo, Tanzania, kila nyani wakianza kuingia mahindini, ni lilelile: fundi wa mageti hawezi kuuchomelea ufa?

Hawezi. Risasi ya kawaida ya geji 12 inaruhusiwa kufikia mgandamizo wa baa 740, zaidi ya mara 300 ya upepo wa tairi la gari dogo. Moto wa kuchomelea hukiharibu chuma kandokando ya mshono: hapa kinakuwa kigumu cha kukatika, pale kinalegea. Tena mitutu hiyo kwa kawaida imeunganishwa kwa lehemu. Lehemu laini huyeyuka hata kabla ya nyuzi 250, ilhali chuma huhitaji karibu 1,500, kwa hiyo anayeziba ufa huachanisha mitutu. Kisha hupitishwa grenda, hupakwa rangi, hupigwa risasi moja ya majaribio, na watu husema imepona. Risasi moja haithibitishi kitu. Ufa hukua kidogo kila mpigo, na mkono wa mpigaji umeshika palepale.

Eti chuma cha zamani ni imara kuliko cha leo! Mitutu ya damaski, yenye michirizi ya tepe za chuma na feleji zilizosokotwa na kufuliwa pamoja, ilitengenezwa enzi za baruti nyeusi, na kutu hujipenyeza kwenye maungio hayo bila kuonekana nje. Bunduki nyingine za zamani zina chemba, yaani mahali risasi inapokaa, yenye urefu wa milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia bila kukwama, ndiyo hatari yake: mdomo wa ganda ukikunjuka hukosa nafasi na mgandamizo hupanda.

Kinachofaa ni kifupi. Bunduki huondolewa risasi, na mtutu huchunguliwa usiwe umezibwa na udongo wa nyigu. Mmiliki huenda na leseni yake polisi wilayani kuuliza utaratibu wa kuisafirisha kwa fundi mwenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Fundi hupima unene wa mtutu na urefu wa chemba, hutoa kutu, hunyoosha mbonyeo mdogo, hubadili pini. Mtutu wenye ufa au uliolika hubadilishwa, la sivyo bunduki hustaafishwa. Gobore lisilo na leseni halipelekwi kwa fundi, husalimishwa polisi.