Pomboo wa Risso na Makovu Yake

Watalii wanaopanda mashua Shimoni kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti huonyeshwa pomboo wa maji ya karibu na pwani, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba pomboo ni mnyama wa namna moja tu. Huko nje, sakafu ya bahari inakoporomoka kwenda kilindini, huishi pomboo wa Risso (Grampus griseus), aliyeelezwa kisayansi na Georges Cuvier mwaka 1812 na kupewa jina la Antoine Risso, mtaalamu wa viumbe wa mji wa Nice.

Urefu wake hukaribia mita 4 na uzito wake huweza kufika nusu tani. Hana mdomo uliochongoka. Kichwa chake ni butu, na katikati ya paji hushuka mfuo wa wima ambao pomboo wengine hawana. Ndama huzaliwa akiwa wa kijivu, hukolea rangi akikua, kisha huanza kupauka, kwa kuwa meno ya wenzake na minyiri ya ngisi humwachia makovu yasiyorudisha rangi ya ngozi, hata mzee huonekana karibu mweupe. Watafiti humtambua kila mmoja kwa picha za pezi la mgongoni na makovu hayo, kama punda milia wa nyanda za Athi-Kapiti wanavyotofautishwa kwa mistari, ila mistari haibadiliki na makovu huongezeka, hivyo picha hazina budi kurudiwa. Pelorus Jack, pomboo mweupe aliyesindikiza meli New Zealand hadi akalindwa kwa amri ya serikali mwaka 1904, huaminika kuwa wa jamii hii.

Chakula chake ni ngisi, dome na pweza, ambao huwawinda zaidi usiku na kuwafyonza wazima wazima. Yaelekea ndiyo maana taya la juu kwa kawaida halina meno, na la chini lina jozi 2 hadi 7 tu, zote mbele. Meno hayo yanafaa zaidi kwa ugomvi kuliko kwa mlo.

Nyavu za jarife, zinazotegwa usiku, zimewanasa pomboo hawa katika maji ya Zanzibar, nao hufa kwa kukosa hewa kwa sababu hupumua kwa mapafu. Mzoga ukifika ufukweni ngozi ikiwa imekwisha kuoza, mfuo na makovu havionekani tena, lakini taya la chini lenye meno machache ya mbele bado hutosha kumtambulisha.