MAKALI YA CHUMA: NANI ANAPASHWA KUYAONDOA?



Fikiri mwili wa pampu uliotoka fonderi, kama ya atelie za Panda huko Likasi. Mbele ya kufungwa kiwandani, unapita mikononi mwa watu wengi: wa fonderi, fundi wa kukereza, kontrolere, wapakizi, na fundi wa kufunga.

Kila mara chombo kinapokata chuma, kinaacha pembeni vijino vyembamba, ndivyo bavuri. Pengine jicho halivioni, lakini vinapasua ngozi kama wembe.

Nani aviondoe? Wa fonderi anasema: «Ni vya mashini.» Wa mashini anasema: «Plani haikuandika.» Kontrolere anasema: «Mimi napima tu.» Mwishoni, anayelipa ni fundi wa kufunga, kwa damu yake.

Kanuni ni moja: ALIYELETA MAKALI NDIYE ANAYEYAONDOA.

— Fonderi inaondoa mabaki yake ya kuyeyusha.
— Fundi wa mashini anaondoa bavuri zake mbele ya chuma kuondoka kwake.
— Mchora plani anaandika kipimo cha pembe, kwa mfano mm 0,5 kwa digri 45. Kanuni ya kimataifa ISO 13715 inaonyesha namna ya kuandika. Kama pembe inapashwa kubaki kali, aandike vilevile, ili wote wajihadhari.
— Kontrolere akikuta bavuri, arudishe: kazi haijaisha.

Na plani ikinyamaza? Kunyamaza si ruhusa. Uliza shefu wako.

Usiseme «ni kidonda kidogo tu». Mdudu wa tetanosi anakaa katika udongo na vumbi, na tundu dogo linamtosha kuingia. Mara nyingi dalili zinaanza kati ya siku 3 na 21: taya zinakaza, halafu mwili mzima. Osha kidonda kwa maji na sabuni, nenda dispanseri siku ileile, na uulize kama chanjo yako ingali na nguvu.

Makali yanaharibu kazi pia. Yanakata mkanda wa nguo wa kuinulia mzigo, na yanapasua mpira wa kuzuia maji. Kijino kikivunjika ndani ya mashini, kinaweza kuharibu beringi.

NAMNA YA KUFANYA

1. Simamisha mashini kabisa.
2. Vaa miwani. Tumia tupa yenye mpini.
3. Glavu ni za kubeba chuma. Usizivae karibu na kitu kinachozunguka: zitavuta mkono wako.
4. Ondoa vipande kwa burashi, si kwa kidole wala kwa hewa ya kompresa.
5. Usipime ukali kwa kidole.

Kazi hii mara nyingi ni ya dakika chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kidole kilichokatika hakijengwi tena.

Mwenzako atakayeshika chuma baada yako hakuoni. Umfikirie!