Dakika Mbili za Kusema: Jinsi ya Kufanya Hoja Yako Isikike Kikaoni

Kila mwaka, kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa, wakazi hualikwa kwenye vikao vya kutoa maoni. Hiyo ni haki yao. Kifungu cha 196 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Kifungu cha 201 nacho kinataka masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi.

Hata hivyo, watu huwa wengi na muda mchache, na mara nyingi mzungumzaji hupata dakika mbili au tatu tu. Kuna anayeketi akipigiwa makofi huku katibu akiwa hana la kuandika. Mwingine husema sentensi nne kwa utulivu, na hoja yake ikaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Tofauti yao haiko kwenye utamu wa maneno.

Anza na aliye mbele yako

Mfano mmoja ulitokea hapa hapa Nakuru. Mnamo Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta alikutana mjini humu na mamia ya walowezi wa Kizungu. Wengi wao walikuwa wakulima, na walihofia kunyang'anywa mashamba na kulipiziwa kisasi. Aliyesimama mbele yao alikuwa mtu ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1952 na kumwachilia 1961.

Kenyatta hakuizunguka hofu yao, bali aliigusa moja kwa moja. Alikiri kwamba makosa yalifanywa na pande zote, akazungumzia kusameheana, kisha akasema wazi alichotaka: wabaki na waendelee kulima vizuri. Watu walioingia na wasiwasi waliishia kuitikia "Harambee!" Masuala ya ardhi hayakuisha siku hiyo, na bado yanajadiliwa. Lakini kama somo la kuzungumza hadharani, mkutano ule unatufaa: alijua wasikilizaji wake wanawaza nini, na walipotoka walijua anataka wafanye nini.

Jua nani ana uwezo wa kutekeleza

Kwenye kikao cha kaunti, kumjua msikilizaji ni kujua kazi zake. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Kaunti inasimamia zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, barabara za kaunti, masoko, huduma za maji na huduma za kilimo. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ukitumia dakika zako mbili kuomba kituo cha polisi, maafisa watakusikiliza kwa heshima, lakini bajeti iliyo mezani haiwezi kukijenga.

Hoja moja, mahali, idadi, ombi

Chukua mfano wa mkulima wa viazi kutoka Mau Narok. Akisema, "Barabara zetu ni mbaya na tumesahaulika kwa muda mrefu," atapigiwa makofi. Lakini ni barabara gani, na anataka ifanywe nini?

Sasa asikilizwe akisema hivi: "Barabara ya kaunti kutoka kijijini kwetu hadi sokoni ni kilomita 3. Mvua ikinyesha, lori haliwezi kuvuka kijito, na viazi vinaoza shambani. Tunaomba kalvati moja pale kijitoni na murram katika kilomita hizo 3." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na katibu anaweza kuyaandika yalivyo. Wakati wa kupanga miradi, mhandisi atajua aende wapi na akague nini.

Ukiwa na mambo matano, chagua lile linalokubana zaidi. Mengine mgawane na majirani zako kabla ya kikao, kila mmoja achukue lake. Watu watano wakirudia jambo moja kwa hasira, muda wa wadi nzima unakwisha kwa hoja moja.

Sauti na lugha

Jizoeze nyumbani kwa sauti, mtu akikupimia muda kwa simu. Taja jina lako na kijiji chako, kisha ingia kwenye hoja. Salamu ndefu zinakula dakika zako. Shika kipaza sauti karibu na mdomo, sema polepole, na watazame watu badala ya kuinamia karatasi. Ukishatoa ombi lako, nyamaza na uketi. Ukiendelea baada ya hapo, watu wanasahau ulichoomba.

Usiogope Kiswahili cha kwenu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kama mzee au mama hajisikii huru kukitumia, aombe mtu amtafsirie.

Fika wakati unaofaa

Hoja nzuri ikichelewa haisaidii. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mradi mpya ni rahisi kuingizwa mapema, mpango unapoandaliwa, kuliko Juni fedha zikiwa zimeshagawanywa.

Kama huwezi kusimama mbele ya watu, andika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa maandishi, na inawataka wahusika kulijibu bila kuchelewa. Tumia mpangilio ule ule: hoja moja, mahali, idadi na ombi. Hifadhi nakala yako, kisha kwenye kikao kijacho uliza limefikia wapi.