Jinsi, Jinsia na Ujinsia: Tujifunze kwa Nyumba Ntobhu

Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Mkoa wa Mara, aliniuliza darasani swali ambalo sikuweza kulijibu siku hiyo. Katika mtaa wao kulikuwa na mama mjane asiye na mtoto wa kiume. Alitoa ng'ombe za mahari, akamleta binti nyumbani kwake, na watu wakasema kwamba amemwoa. Wote wawili waliomba kushiriki Meza ya Bwana. Mchungaji, ambaye alikuwa mgeni katika nchi ile, aliwatenga, akaandika katika kitabu cha usharika kwamba hapo pana ndoa ya watu wa jinsi moja. Je, alihukumu kwa haki?

Kwanza tutenganishe maneno matatu. Jinsi ni maumbile ya mwili, yaani kuwa mume au mke. Jinsia ni nafasi, kazi, heshima na wajibu ambao jamii humpa mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Ujinsia ni habari ya mapenzi, matamanio na tendo la ndoa. Maneno haya huchanganywa kila siku, wala si ajabu, kwa kuwa yote yamechipuka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya aina. Neno jinsia kwa maana hii lilienea nchini mwetu hasa baada ya Mtandao wa Jinsia kuanzishwa mwaka 1993, na baada ya mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Wako ndugu wachungaji wanaolishuku neno hili kwa sababu ya njia liliyopita. Lakini jambo lenyewe wazee wetu walilijua zamani, ijapokuwa hawakuwa na jina lake.

Hata jinsi haiko wazi kwa kila azaliwaye. Wako wanaozaliwa huntha; walimu wa Kiyahudi waliotunga Mishna walijadili habari zao, na Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 19:12, anawataja waliozaliwa matowashi kabla hajawataja wengine.

Turudi Mara. Wakurya huita desturi hii nyumba ntobhu. Mwanamke tasa, au aliyezaa mabinti tu, huona kwamba nyumba yake itazimika na mali yake itachukuliwa na ndugu wa mumewe. Basi hutoa mahari kwa ajili ya binti, na binti huyo huzaa na mwanamume aliyechaguliwa. Watoto si wa mwanamume yule. Ni wa nyumba ya mama aliyetoa ng'ombe. Baina ya wanawake hao wawili hakuna tendo la ndoa, wala halitarajiwi. Wakurya wengi wakieleza husema kwamba yule mama hasa si mume, bali ni kama mama mkwe: binti ameolewa na mwana ambaye hakuzaliwa.

Wanandi wa Kenya wana desturi inayofanana nayo, lakini maelezo yao ni mengine. Kwao mwanamke anayeoa huhesabiwa kuwa amekuwa mwanamume, naye hutakiwa kuacha kukutana na wanaume. Mtafiti Regine Smith Oboler, katika makala aliyoyatoa mwaka 1980, alionyesha kwamba neno hilo hushikwa kwa nguvu zaidi katika mambo ya mali na urithi, kuliko katika kazi na mazoea ya kila siku. Basi ni makabila mawili yasiyokaa mbali sana, tendo karibu ni moja, na jinsia imefahamika kwa njia mbili. Jinsi ya wahusika haikubadilika popote, na ujinsia haukuhusika kama yule mchungaji alivyodhani.

Tunayo habari ya jirani katika Maandiko. Sheria ya Kumbukumbu la Torati 25 ilikusudia kwamba jina la aliyekufa bila mwana lisifutike. Katika Ruthu 4 mtoto anazaliwa na Ruthu na Boazi, lakini wanawake wa mji wanamhesabu kuwa mwana wa Naomi, mjane mzee asiyeweza tena kuzaa. Sisemi kwamba Naomi alioa. Boazi alimchukua Ruthu kuwa mke wake mbele ya wazee langoni, tena Ruthu alikwenda kwa hiari yake. Tofauti hizo ndizo zinazotuhusu.

Luther naye alijua kutenganisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa anashika kwa nguvu kwamba mume na mke ni kazi ya Mungu, isiyo katika uwezo wetu. Lakini humo humo anamsifu baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka kana kwamba amekuwa mwanamke. Mungu, asema, hufurahi pamoja na malaika zake. Maumbile ni ya Muumba, bali kicheko cha majirani si amri yake. Laiti tungalikumbuka hayo katika miaka ile ya mabishano juu ya kuwabariki wanawake kuwa wachungaji!

Basi yule mchungaji aliadhibu kosa ambalo halikutendeka, akapita kando ya lililokuwapo. Hakuuliza kama binti alikubali, au kama baba yake alihitaji ng'ombe tu. Hakuuliza ni nani atakayemlisha mtoto ambaye aliyemzaa hana wajibu kwake, wala kama wanaume wanaoingia nyumba ile ni mmoja au wengi, katika nchi yenye UKIMWI. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hivyo mama mzee akifa, binti hawezi kudai haki ya mjane mahakamani.

Juma lililofuata nilimshauri mwanafunzi wangu kwamba, akirudi likizo, amwombe mchungaji waende pamoja nyumbani kwa mama yule, waketi, na wamsikilize binti kwanza, bila ya mzee yeyote wa ukoo kuwapo.