Uvimbe umeondolewa kwa kamera, kwa nini daktari bado anataja upasuaji?

Mkazi wa Busia au Tororo anayeelezwa kwamba uvimbe wa saratani changa katika utumbo wake mpana umeondolewa wote kwa kamera hurejea nyumbani akiamini mambo yamekwisha. Majibu ya maabara yanapotoka, daktari huanza kuzungumzia upasuaji. Familia huuliza, na ni haki yao: ikiwa umetoka, kinakatwa nini tena?

Kinacholengwa ni tezi za limfu. Kamera hufanya kazi ndani ya utumbo, ilhali tezi hizo ziko nje ya ukuta wake. Saratani iliyochimba kutoka utando wa ndani hadi tabaka linalofuata hukutwa imefika kwenye tezi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Chembe chache zilizojificha humo hazionekani kwa skani ya CT, hivyo uamuzi hutegemea zaidi darubini ya mwanapatholojia.

Yeye hupima kama saratani imechimba milimita 1 au zaidi, kama seli zimeingia katika mishipa ya damu au ya limfu, zimepotoka umbo kwa kiasi gani, na kama vikundi vidogo vya seli vimejitenga mbele ya uvimbe. Ukingo wa kipande kilichokatwa nao huangaliwa. Uvimbe ulionyofolewa vipande vipande huwa mgumu kusomwa. Dalili hizi hazina uzito sawa. Kina peke yake, bila dalili nyingine, huashiria hatari ya asilimia chache tu, ilhali seli zilizoingia mishipani ni jambo zito zaidi.

Upasuaji huondoa sehemu ya utumbo pamoja na tezi zake, na wagonjwa wengi hawakutwi na saratani yoyote iliyosalia. Lakini kiungio cha utumbo kinaweza kuvuja, na wapo wanaopoteza maisha. Uvimbe ukiwa karibu na njia ya haja kubwa, mgonjwa huenda akahitaji mfuko wa kinyesi tumboni, wa muda au wa kudumu. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye afya, hesabu hiyo si sawa na ya mzee wa miaka 80 mwenye maradhi ya moyo.

Njia nyingine ni kufuatiliwa kwa miaka kadhaa: kamera, vipimo vya damu na skani. Hapa ndipo umbali unapoingia. Kutoka Tororo hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, ni kilomita 200 hivi. Wa upande wa Kenya huenda Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Asiyeweza kumudu safari hizo amwambie daktari mapema, kwa kuwa ufuatiliaji usiofanyika si matibabu.

Anayetibiwa upande mmoja wa mpaka na kufuatiliwa upande wa pili aombe nakala ya ripoti ya patholojia. Kipande chenyewe huhifadhiwa katika nta, na maabara nyingine inaweza kukisoma upya kabla ya uamuzi.