MARSYAS NA SHERIA ZILIZOGEUZWA: MCHEZO WA UBAONI KWA DARASA LA WAFANYAKAZI



Wengi wetu huona drafti, bao na ludo kuwa michezo ya kupitishia muda baada ya zamu. Lakini mchezo wa ubaoni ni mwalimu pia. Mwaka 1904 mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie, alipewa hati ya kulinda mchezo alioubuni ili kuonyesha jinsi kodi ya ardhi inavyomtajirisha mwenye ardhi na kumfukarisha mpangaji. Mchezaji hakuhubiriwa. Alilipa kodi mpaka akafilisika, akaelewa.

Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kufundishana hadithi na muziki wa Wagiriki wa kale. Tuanze na Marsyas.

Wagiriki walisimulia kwamba mungu wa kike Athena alibuni aulos, yaani zumari ya mirija miwili inayopulizwa kwa pamoja. Alipoona inamvimbisha mashavu, akaitupa. Marsyas, kiumbe wa porini wa Phrygia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, akaiokota na kujifunza mpaka akawa fundi. Akathubutu kushindana na Apollo, mungu wa muziki, aliyepiga kinubi. Walikubaliana kwamba mshindi atamtenda mshindwa apendavyo. Waamuzi walikuwa miungu wa kike wa sanaa, ambao kiongozi wao alikuwa Apollo mwenyewe.

Mara ya kwanza hakuna aliyemzidi mwenzake. Ndipo Apollo akakipindua kinubi juu chini, akapiga, akamtaka Marsyas afanye vivyo hivyo. Zumari haipigiki ikiwa imepinduliwa. Marsyas akashindwa, akatundikwa mtini na kuchunwa ngozi.

Jinsi ya kuutengeneza mchezo

Chukueni kipande cha boksi, mchore vyumba 30. Kete ni vizibo vya soda vya rangi mbili, na dadu iwe moja. Kundi moja ni Marsyas, la pili ni Apollo. Anayefika kwenye chumba cha 5, 10, 20 au 25 anaulizwa swali. Kinubi cha Wagiriki kwa kawaida kilikuwa na nyuzi ngapi? Saba. Tumbo lake lilitengenezwa kwa kitu gani? Gamba la kobe. Vyombo gani vya Afrika Mashariki ni vya ukoo huo? Nyatiti ya Wajaluo na endongo ya Uganda. Anayekosa anarudi vyumba viwili.

Mchezaji wa kwanza akifika chumba cha 15, msimamizi afungue bahasha na kusoma: kuanzia sasa Apollo atasogea mara mbili ya namba ya dadu, na Marsyas hatasogea mpaka apate 6. Kundi la Marsyas litapiga kelele. Waacheni wapige, kisha ulizeni: Sheria hii aliiandika nani? Mwamuzi alichaguliwa na nani? Kwa nini tulikubali kucheza kabla ya bahasha kufunguliwa?

Baada ya majadiliano, rudieni mchezo. Safari hii sheria zote zisomwe mwanzoni, na mwamuzi akubaliwe na pande zote mbili.

Wanamuziki walioungana

Hiyo ni hadithi, lakini historia nayo ina lake. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, wanamuziki na waigizaji wa Ugiriki waliunda vyama vilivyoitwa Mafundi wa Dionysus. Vyama hivyo vilipatana na miji kuhusu kazi, vikawapatia wanachama usalama safarini na misamaha ya kodi. Mwaka 1893 wachimbaji wa Kifaransa walipata huko Delphi mawe yaliyochongwa nyimbo mbili za kumsifu Apollo, pamoja na alama za muziki wake. Waliokwenda kuziimba walikuwa mafundi wa chama cha Athens. Walisimama mbele ya Apollo yule yule, lakini wakiwa chama, si mmoja mmoja kama Marsyas.

Ndugu viongozi wa matawi, jaribuni mchezo huu kabla ya majadiliano yenu yajayo na mwajiri. Gharama yake ni boksi moja na vizibo vichache.